Bustani ya vuli nyuma ya nyumba, Moshono: shajara ya maandalizi

10 Agosti

Nane Nane imekwisha. Viwanja vya Themi kule Njiro vimebaki na vumbi, na mezani kwetu kuna rundo la vipeperushi pamoja na pakiti za mbegu ambazo kila mtu alinunua kwa matamanio yake. Baba watoto kaja na tikiti maji, na Moshono hii ya mawingu! Binti kaja na bitiruti kwa sababu ya picha iliyo juu ya pakiti. Mama mkwe hakununua kitu. Mbegu zake za mnafu anazo kwenye kitambaa, fundo limefungwa tangu Machame.

Naanza kuandika ili maamuzi yawe na mahali pa kukaa. Vuli ikishaingia kila mtu atakuwa na jembe na maoni, na hakuna atakayekumbuka tulikubaliana nini mwezi wa nane.

Eneo ni kile kipande cha nyuma, kaskazini mwa nyumba, mita 9 kwa 7, kinachoteremka kidogo kuelekea mashariki. Tangu tuhamie kimekuwa cha kutupia mabaki ya ujenzi. Ninachotaka hapo ni majani ya mboga ya kutosha watu sita, kuanzia katikati ya Novemba hadi Februari. Majani kwanza. Mboga nyingi za mjini hulimwa kandokando ya mito inayopita katikati ya makazi ya watu, na kwa kitu ninacholisha watoto kila jioni napenda kujua kimenyweshwa nini. Vitunguu silimi: vya Mang'ola vinafika sokoni vizuri, vinakaa miezi, na kipande changu hakina haja ya kushindana na bonde zima la Eyasi.

Sharti ni moja, na nimelitangaza mezani: halichimbwi tuta ambalo hatujui litanywa maji ya wapi. Baba watoto alicheka. Mama hakucheka, yeye amekulia kwenye zamu za mfongo, ule mfereji wa Wachaga wa kumwagilia mashamba, na anajua watu wanavyonuniana kwa ajili ya maji.

14 Agosti: jua

Jana na leo nimeshinda nikipigilia vijiti kufuata vivuli, na kazi hii imebadilisha ramani yote niliyokuwa nayo kichwani.

Arusha tuko nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta. Mwezi huu jua la mchana linapita kaskazini yetu, kwa hiyo kivuli kinaangukia kusini. Mparachichi wa jirani, uliopo mpakani upande wa kaskazini, unaingiza kivuli chake ndani ya eneo letu karibu mita tatu saa sita na nusu mchana, ambapo jua huku kwetu ndipo linafika juu kabisa. Mtu akiangalia leo atasema upande ule haufai. Lakini mimi silimi Agosti. Mwanzoni mwa Oktoba jua litapita utosini, kisha litaendelea kwenda kusini, na ikifika Desemba kivuli cha mchana kitakuwa kimegeuka: mparachichi utatupa kivuli kwa mwenyewe, na nyumba yetu ndiyo itakayoangusha kivuli kwenye bustani.

Hesabu yake si ngumu. Mwishoni mwa Desemba kivuli cha mchana hapa ni kama theluthi moja ya urefu wa kitu, au zaidi kidogo. Ukuta wetu hadi ukingo wa paa ni mita tatu na nusu. Kwa hiyo ukanda wa mita moja na robo karibu na ukuta utakosa jua la mchana katikati ya msimu ninaoulimia. Huo nimeutoa kwenye matuta kabisa. Utakuwa wa kitalu sasa, ambapo miche inahitaji kupumzika na jua kali, na baadaye giligilani na chainizi, ambazo zikipigwa sana na jua zinakimbilia kutoa maua.

Upande wa mparachichi, ambao kila mtu alikuwa ameukatia tamaa, ndio utakuwa matuta mawili bora. Tatizo litakalobaki ni mizizi yake, na hilo litaonekana tukichimba.

17 Agosti: maji

Hapa ndipo mpango ulipopatikana hasa, mengine yote ni kujaza nafasi.

Mvua ya milimita 1 ikinyesha kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Ukishika hilo, bustani yote inahesabika kwa ndoo. Mboga iliyokwisha kushika, siku ya jua, inataka kama milimita 5. Tuta la mita 1 kwa 4 ni mita 4 za mraba, mara 5 ni lita 20. Ndoo moja kubwa kwa tuta moja kwa siku. Matuta sita ni ndoo sita, lita 120.

Bomba letu linatoa maji kwa zamu na tanki la nyumba ni la nyumba. Bustani itategemea tanki la pili la lita 1,000 lililoko kona ya mashariki, ambalo mpaka sasa halijaunganishwa na gata. Likijaa, matuta sita yatakaa siku nane bila mvua. Katikati ya vuli kukauka wiki nzima ni jambo la kawaida, kwa hiyo siku nane si anasa, ni kiasi kinachotosha tu.

Je, litajaa? Upande wa paa unaomwaga huko ni kama mita 50 za mraba. Mvua moja nzuri ya milimita 20 inaleta lita 1,000. Toa zinazoruka nje ya gata na zile za mwanzo zinazoosha vumbi la paa, zibaki kama 800. Mvua mbili za maana na tanki limejaa. Sawa.

Shida ni Januari. Vuli ikikata, jua la Januari na Februari halina mzaha na mvua inaweza isionekane wiki kadhaa hadi masika. Matuta sita kwa mwendo huo hayawezekani bila kununua maji, na mchicha wa maji ya kununua ni afadhali niununue wenyewe. Kwa hiyo nimeandika kwa kalamu nyekundu: matuta sita hadi Krismasi, matuta matatu kuanzia Januari, na hayo matatu yafunikwe matandazo ya majani makavu ya migomba, unene wa kiganja. Kila zao nitakalochagua lazima lijibu swali la kwanza: wewe ni wa hadi Krismasi, au ni wa kuvuka?

Maji ya kuoshea mchele na mboga yataingia matuta. Ya kufulia, yenye sabuni, yataendelea kwenda kwenye migomba miwili ya nyuma, haijawahi kulalamika.

22 Agosti: tunakula nini

Nimebandika karatasi kwenye friji, kila anayepika anaandika mboga ya siku hiyo. Matokeo hayakunishangaza isipokuwa sehemu moja.

Sukuma wiki inaongoza, na mchicha uko nyuma yake. Mnafu unaliwa mara nyingi kuliko nilivyodhani, kwa sababu Mama anajipikia wake hata siku tukila wali maharage, na watoto wanadokoa. Siku ya makande hakuna mboga. Spinachi ni kwa ajili yangu, wengine wanaila kwa heshima. Figiri imetajwa mara moja tu, na aliyeitaja ni shemeji aliyekuja kututembelea.

Nyanya zipo kila siku, katika kila sufuria. Sado moja kwa wiki, wakati mwingine inaongezewa. Baba watoto kaitazama karatasi akasema, "Si umeona? Nyanya ndiyo ya kulima." Nimemwambia hilo lina siku yake.

29 Agosti: udongo

Huku tuna udongo wa majivu ya Mlima Meru, mweusi, unaoshikika, mtu wa Dodoma angetuonea wivu. Ndivyo ilivyo kwa jirani. Kwetu, fundi wa nyumba aliuzika chini ya mchanga, kokoto, vipande vya tofali na mabonge ya saruji.

Tumechimba mashimo manne ya kupimia, kina cha jembe. Kila shimo nimechukua udongo nusu chupa, nikajaza maji na sabuni ya unga kidogo, nikatikisa na kuacha dirishani. Mchanga unatua ndani ya dakika moja, tope laini linafuata kwa saa chache, ufinyanzi unachukua siku nzima au zaidi, na kisha unaona tabaka kwa macho. Chupa za upande wa mparachichi zimegawana vizuri, mchanga hauzidi nusu. Chupa ya karibu na ukuta ni mchanga karibu yote. Kwa bahati huo ndio ukanda tuliokwisha kuutoa kwenye matuta.

Vijana wawili wa mtaani wamechekecha sehemu ya katikati kwa wavu wa mchanga kwa muda wa siku mbili. Mabonge ya saruji yametoka yote niliyoyaona, maana yakibaki yanauongezea udongo chokaa na mboga zinabadilika rangi. Kokoto tumezitandaza kwenye njia. Mizizi ya mparachichi imejitokeza kwenye nusu mita ya mwisho tu. Tumerudisha mpaka wa tuta nyuma na kumwachia nafasi yake.

Samadi inatoka kwa jirani mwenye ng'ombe wa ndani. Nimeingiza mkono kwenye lundo lake la mbele, lilikuwa la moto, nikamwambia asinipe hilo. La nyuma limepoa, jeusi, halina harufu. Debe mbili kwa kila tuta, vijana wamevusha kwa toroli. Mbolea ya kuku nimekataa kwa msimu huu. Ikiwa mbichi inaunguza miche, na aliyekuwa akinipa hakuweza kuniambia ina umri gani. Kwenye matuta mawili ya juu tumechanganya mbolea ya Minjingu kidogo, ile fosfeti ya mkoani Manyara. Inafanya kazi vizuri zaidi penye udongo wenye tindikali, kwa hiyo upande uliokuwa na saruji nimeuacha bila.

5 Septemba: mbegu

Jumamosi moja ya mwezi uliopita, siku ya soko Tengeru, nilipitia duka la pembejeo. Kuishi Arusha kuna faida yake katika jambo hili: mbegu nyingi za mboga za asili zinazouzwa nchini zilifanyiwa kazi hapa hapa jirani, kwenye kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga ambacho watu bado wanakiita AVRDC na kwenye kile cha serikali cha Tengeru. Mchicha wa Madiira 1 na Madiira 2, mnafu wa Nduruma na wa Olevolosi, zote ziliidhinishwa mwaka 2011 na zote zina majina ya sehemu za huku. Mtu ananunua mbegu yenye jina la kata aliyopita asubuhi akiwa kwenye daladala.

Nimechukua Madiira 1 na Nduruma. Sukuma wiki ya kawaida. Spinachi pakiti ndogo. Karoti. Kila pakiti nimeikagua lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, na tarehe ya mwisho. Karoti ya kwanza niliyopewa ilikuwa imebakiza miezi miwili, nikairudisha. Chotara sikuchukua. Si kwamba ni mbaya, ila mbegu zake huwezi kuzitunza ukapata mmea uleule msimu ujao, na nyumba yenye Mama wa kitambaa chenye fundo haiwezi kuelewa mbegu ya kutumia mara moja.

Kuhusu hicho kitambaa. Sikutaka kubishana, nikapima. Mbegu 20 za Mama na 20 za Nduruma, kila kundi kwenye kitambaa kibichi ndani ya sahani, kabatini. Baada ya siku kumi zake zimeota 13, za dukani 17. Mama amesema, "Hizo saba zimelala tu, mwanangu, zitaamka." Inawezekana, mbegu za mnafu zina tabia hiyo. Makubaliano: nusu ya tuta ni ya Machame, nusu ya Nduruma, na tutaona jani la nani linakwisha kwanza sufuriani.

Tikiti maji nimemrudishia mwenyewe, apeleke kwa rafiki yake wa tambarare.

12 Septemba: nyanya

Siku yake imefika.

Upande wa wanaotaka: tunakula sado kwa wiki, shina moja likitunzwa linatoa kilo mbili hadi nne, mashina kumi na mawili yangetupunguzia sana gharama, na kuna Tengeru 97, iliyozalishwa papa hapa. Hoja nzuri, nimeziandika zote bila kupunguza.

Upande wangu una mambo matatu. Kwanza ni ukungu. Bakajani chelewa inapenda hasa hali ya vuli yetu: ubaridi, mawingu asubuhi, majani yaliyolowa tangu usiku. Wenye mashamba wanapiga dawa kila wiki, na mvua ikinyesha wanarudia. Mimi sikusudii kupulizia dawa mita mbili kutoka dirisha la jikoni. Pili ni kantangaze. Huyu mdudu asili yake Amerika ya Kusini, na hapa nchini alionekana mwaka 2014 huku huku kwetu, Ngarenanyuki. Kiwavi wake anajichimbia ndani ya jani na ndani ya tunda, dawa inapita juu yeye yuko chini. Tatu, na ndilo linaloniuma, nyanya na mnafu ni ukoo mmoja, pamoja na hoho, bilinganya, nyanya chungu na viazi mviringo. Kinachomla mmoja kinamjua mwenzake. Nikipanda tuta la nyanya karibu na tuta la mnafu nitakuwa nimeweka chambo mlangoni mwa mboga inayoliwa zaidi na Mama.

Nimempigia bwana shamba wa kata kusikia sauti ya tatu. Hakuwa mkali kama mimi. Akasema, "Dada, mashina matatu manne ya nyumbani hayana neno, ilimradi majani yake yasilowe. Nyanya haiogopi mvua ya mizizini, inaogopa ya majani." Akaongeza kwamba nikiona shina linanyauka mchana likiwa bichi kabisa nilikate, nilitumbukize kwenye glasi ya maji safi; likitoa uzi mweupe kama maziwa, huo ni mnyauko wa bakteria na udongo ule usipandwe tena ukoo wa nyanya kwa miaka.

Maneno yake yametupatia njia. Nyanya haziingii kwenye matuta. Zitakuwa mashina manne kwenye ndoo za rangi za lita 20, zilizotobolewa chini, chini ya upenu wa ukuta wa mashariki. Kwa nini mashariki? Kwa sababu ya vile vijiti vya Agosti: ukuta wa kaskazini Desemba utakuwa kivulini, wa mashariki unapata jua lote la asubuhi na upenu wake ni mpana. Udongo wa ndoo ukiugua unamwagwa mbali, tuta halijaguswa. Sado ya soko la Kilombero itaendelea kununuliwa, ila si kila wiki.

Baba watoto amepewa ndoo hizo kuwa zake. Ameshazipaka rangi.

16 Septemba: ramani

Matuta sita ya mita 1 kwa 4, safu mbili za matatu, yamekingama na mteremko ili maji yasishuke moja kwa moja. Njia za nusu mita. Upana wa tuta ni mita moja kwa sababu mkono wangu unafika katikati kutoka kila upande bila kukanyaga.

La kwanza na la pili ni yale ya upande wa mparachichi. La kwanza ni mnafu, sentimita 30 kwa 30, na mita ya mwisho mashina manne ya hoho, ukoo mmoja pamoja ili msimu ujao wahame wote. La pili ni sukuma wiki, mistari miwili, sentimita 60 kati ya mistari na 45 kati ya miche, inaingia 16 au 17. Inatosha: kila shina likitoa majani matatu kwa wiki tuna karibu hamsini, na haya yote mawili ni ya kuvuka Januari.

La tatu ni mchicha, na hili nimelifikiria kuliko mengine. Ukimwaga tuta zima siku moja, baada ya wiki nne una mchicha wa kugawia mtaa, baada ya wiki sita umechanua na huna kitu. Nimelikata vipande vinne vya mita moja. Kila siku kumi kinapandwa kimoja, mbegu zikiwa zimechanganywa na mchanga mkavu kwa kuwa ni ndogo mno kumwagika sawasawa. Kikifika kipande cha nne, cha kwanza kinang'olewa na kusiwa upya. Kipande cha mwisho kisipandwe baada ya wiki ya kwanza ya Desemba. Mchicha haumo kwenye orodha ya kuvuka.

La nne maharage mafupi, yavunwe mabichi kabla ya Krismasi, mizizi ibaki ardhini na vinundu vyake. La tano nusu karoti nusu spinachi, na bitiruti ya binti imeingia pembeni mwa spinachi. Hao wawili ni mmea mmoja kwa asili, mmoja umezoeshwa kutoa jani na mwingine kiazi. Hili nalo litavuka.

La sita halina jina bado.

21 Septemba: kitalu na kalenda

Hoho zimesiwa jana kwenye trei, maana zinataka wiki sita kabla ya kuhamishwa. Mnafu, sukuma na zile nyanya nne zinataka kama wiki nne, kwa hiyo zitasiwa tarehe 5 Oktoba, na kundi la pili tarehe 19. Makundi mawili kwa makusudi. Mvua ikiwahi, kundi la kwanza linaingia shambani mwanzoni mwa Novemba. Ikichelewa, lile litakuwa limerefuka na kulegea kitaluni, na la pili litakuwa kwenye umri wake.

TMA, mamlaka ya hali ya hewa, wametoa utabiri wa vuli. Kwetu ni kusoma sehemu ya nyanda za juu kaskazini mashariki, wanakotuweka pamoja na Kilimanjaro na Manyara. Nimeubandika ukutani. Hata hivyo nimeandaa pande zote mbili. Vuli ya 2023 ilikuwa ya El Niño, na aliyekuwa Arusha miezi ile anakumbuka njia zilivyogeuka mito. Kwa hiyo matuta yameinuliwa sentimita 20, na juu ya bustani yote tumechimba mfereji wa kukinga maji ya mteremko, unaotoka pembeni kwenye migomba. Kama mvua ni haba, kuna tanki, matandazo, na kalamu yangu nyekundu.

27 Septemba

Kuku. Wa jirani, wanne, wanaingia kupitia chini ya mlango wa bati na wameshagundua udongo uliochekechwa. Nimeongea na mwenye kuku vizuri, naye kanijibu vizuri, na kuku wamerudi jioni ileile. Fundi ameweka mabanzi kuzunguka eneo, nafasi za chini zimezibwa kwa wavu uliofukiwa kiganja kimoja ardhini. Hii haikuwa kwenye bajeti, na imegharimu zaidi ya mbegu zote, lakini bustani isiyo na uzio Moshono ni banda la kuku.

6 Oktoba

Hoho zimetoka, chache zimeinama kwa kunyeshwa jioni. Sasa zinanyeshwa asubuhi tu. Mnafu wa Machame na Nduruma wamesiwa jana kila mmoja upande wake wa trei, na kijiti katikati ili pasiwe na mabishano. Sukuma nazo zimo. Nyanya mbegu nane kwa ajili ya ndoo nne.

Jua la mchana leo halina kivuli cha maana upande wowote, limesimama juu ya paa. Kuanzia sasa linatuelekea kusini kama ilivyotarajiwa.

Matuta matano yamekamilika, yamenyweshwa mara moja na kufunikwa majani ya migomba yasikauke wala kuota magugu. Gata imefungwa ila kona ya kuingilia tankini. Kiungo alichonunua fundi ni cha inchi tatu na bomba letu ni la inchi nne. Analeta kingine Alhamisi.

Kuhusu tuta la sita tumekaa jana usiku. Baba watoto alipendekeza kabichi, binti alitaka stroberi, Mama alisema matembele. Nimewasomea ukurasa wa tarehe 17 Agosti. Tanki halina hata tone, na tuta la sita ni ndoo ya sita. Halipandwi hadi tanki lijae mara ya kwanza, na likijaa litapewa Mama, kwa kuwa matembele yakishashika yanavumilia kiu kuliko kabichi na hayahitaji mbegu, ni kuchomeka vipande vya marando tu. Mama ameridhika. Leo asubuhi nimekuta marando yamelowekwa kwenye beseni nyuma ya tanki.